Maswali Yenu Yajibiwa: Ratiba Ngumu ya Besiboli Hupimwaje?

SWALI: Mhariri, asalaam alaykum. Mimi ni mzee wa Langoni, Lamu, na kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa kuhesabu boriti zinazopakiwa majahazini. Mjukuu wangu anaishi Seattle, Marekani, na ndiye aliyenifundisha besiboli kwa simu. Hata leo huamka kabla ya adhana ya alfajiri kufuatilia mechi, kwa kuwa saa moja ya usiku ya kwao ni saa kumi na moja alfajiri ya kwetu. Septemba ya mwaka 2022 nilisoma kwamba New York Mets wamebakiwa na ratiba nyepesi. Nikachukua daftari, nikaandika wapinzani waliowabakia Mets na waliowabakia Atlanta Braves, nikajumlisha ushindi wao, nikagawa, kisha nikawaambia wenzangu barazani kwamba Mets watalichukua kundi. Hawakulichukua. Hesabu niliirudia mara tatu na sikuona kosa. Nilipotea wapi?

JIBU: Waalaykumu salaam, mzee wangu, na shikamoo. Hesabu yako ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa katika kile ulichokihesabu. Wewe umeishi na boriti, basi niruhusu nianzie gatini. Korija ni miti ishirini, iwe ya fito, ya pau, ya mazio au ya boriti zenyewe, lakini hakuna nahodha aliyekubali kulipia korija ya pau kwa bei ya korija ya boriti. Ulipojumlisha ushindi wa wapinzani na kuugawa, ulihesabu korija bila kupima unene wa mti.

Kwa faida ya wasomaji wengine nieleze kwanza mpangilio wenyewe. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ina timu 30, zilizogawanywa katika ligi mbili za timu 15, na kila ligi ina makundi matatu ya timu tano tano. Kila timu hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba au siku chache za Oktoba. Anayeongoza kundi lake huingia moja kwa moja katika hatua ya mtoano, na wengine hugombea nafasi chache za ziada. Mets na Braves wako katika kundi moja, la Mashariki ya Ligi ya Taifa, na mwaka ule timu za kundi moja zilikutana mara 19 kila mbili.

Sasa tazama jambo ambalo watu wengi hulipita. Timu mbili za kundi moja, ukizipima kwa msimu mzima, zina ratiba zinazokaribia kufanana, kwa kuwa zinacheza na majirani wale wale, tena mara zile zile. Tofauti kubwa inayobaki ni kwamba timu bora haichezi na nafsi yake, kwa hiyo ratiba yake huonekana nyepesi kidogo kuliko ya jirani yake anayelazimika kukutana nayo. Mtu anaposema mwezi wa Septemba kwamba timu fulani ina ratiba nyepesi, maana yake halisi ni kwamba timu hiyo imeshamaliza sehemu yake ngumu mapema, na mwenzake bado anadaiwa yake. Katika mashindano ya majahazi hapo kwenu, vyombo vyote huzunguka boya zile zile, ila mmoja huifikia boya maji yakijaa na mwingine huifikia yakipwa. Atazamaye dakika moja tu atadhani mmoja wao amepewa njia rahisi.

Je, wepesi huo una thamani ya mechi ngapi? Tuchukue mfano uliokithiri: wapinzani waliobaki wa timu ya kwanza wawe wanashinda mechi 45 katika kila 100, na wa timu ya pili 55 katika kila 100. Huo ni mwachano mkubwa mno. Hata hivyo, kwa mechi 27 za mwezi wa mwisho, tofauti ya ushindi unaotarajiwa haifiki mechi tatu, na mwachano wa kawaida, ambao ni mdogo kuliko huo, huleta mechi moja na kitu. Katika mchezo ambao timu mbovu kuliko zote hushinda angalau mechi moja katika kila nne au tano, mechi moja na kitu humezwa na bahati ya siku mbili.

Na ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022. Mets walikuwa mbele ya Braves kwa mechi 10 na nusu mwanzoni mwa Juni (nusu hutokea kwa kuwa timu moja huweza kuwa imecheza mechi zaidi ya mwenzake), na Braves wakaanza kuwafikia kidogo kidogo. Katikati ya Septemba walikuja New York timu ya Chicago Cubs, iliyomaliza msimu kwa ushindi 74 na vipigo 88, wapinzani ambao daftari lako bila shaka liliwaweka upande wa wepesi, nao wakashinda mechi zote tatu nyumbani kwa Mets. Ushindi mmoja tu kati ya hizo tatu ungewafikisha Mets 102.

Kisha ikaja safari ya Atlanta, kuanzia tarehe 30 Septemba hadi 2 Oktoba, na hapa ndipo penye boriti nene. Mets walifika wakiongoza kwa mechi moja, na katika mechi 16 walizokuwa wamekutana na Braves mwaka ule, walikuwa wameshinda tisa. Walihitaji ushindi mmoja tu kati ya mitatu ili waondoke bado wakiwa na kundi mikononi mwao. Wakawatanguliza warushaji wao bora, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira, Jacob deGrom, Max Scherzer na Chris Bassitt, siku baada ya siku, na siku zote tatu wakafungwa. Timu zote mbili zilimaliza zikiwa na ushindi 101 na vipigo 61. Mwaka ule ndio uliokuwa wa kwanza ambapo mechi ya ziada ya kuamua sare ilifutwa na badala yake kutazamwa nani amemshinda mwenzake mara nyingi zaidi, na Braves walikuwa na 10 dhidi ya tisa.

Mechi dhidi ya mpinzani wa mbali huisogeza timu yako nusu ya hatua tu katika msimamo, kwa maana mwenzako naye siku hiyo ana mechi yake mahali pengine. Mechi dhidi ya yule mnayegombea naye huhesabiwa pande mbili, kwa kuwa ukishinda, yeye ameshindwa, na pengo hubadilika kwa hatua nzima. Zile siku tatu za Atlanta zilikuwa na uzito kuliko tofauti yote ya ratiba ya mwezi mzima. Katika wastani wako, mzee wangu, Braves waliingia kama mpinzani mmoja mwenye nguvu miongoni mwa wengi, ilhali walistahili ukurasa wao peke yao.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi hapa Malindi. Katika kandanda yetu kila timu hukutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini, na hakuna wa kulalamika. Kwa nini Wamarekani wasifanye hivyo? Na je, ni haki timu kupata ubingwa wa kundi kwa sababu tu jirani zake ni dhaifu?

JIBU: Mwalimu, sababu ya kwanza ni umbali. Kutoka Miami hadi Seattle ni kuvuka bara zima na kubadilisha saa mara tatu, na timu za besiboli hucheza karibu kila siku, zikikaa mji mmoja siku tatu au nne kabla ya kuhama. Majirani kukutana mara nyingi hupunguza safari na huongeza ushindani. Sababu ya pili ni historia: hizi zilikuwa ligi mbili zinazojitegemea, na hazikukutana katika msimu wa kawaida hadi mwaka 1997. Kuipanga ratiba yenyewe ni kazi ya kustaajabisha, na ninaiheshimu mno. Kwa zaidi ya miaka 20, tangu mapema miaka ya 1980 hadi 2004, ilikuwa mikononi mwa mume na mke, Henry na Holly Stephenson, waliokuwa wakiitengeneza nyumbani kwao.

Hata hivyo hoja yako imesikilizwa. Tangu mwaka 2023 mechi dhidi ya kila jirani wa kundi zimepunguzwa kutoka 19 hadi 13, yaani kutoka 76 hadi 52 kwa jumla, na sasa kila timu hukutana na timu zote 29 nyingine katika msimu mmoja. Mimi naona mabadiliko hayo yalikuwa ya haki, na yalichelewa. Mwaka 2005 San Diego Padres waliongoza kundi lao la Magharibi kwa ushindi 82 na vipigo 80, wakaingia katika mtoano, huku Philadelphia Phillies wenye ushindi 88 wakibaki nyumbani kwa sababu ya kundi walilomo. Hilo siwezi kulitetea.

Kuhusu jirani dhaifu, naomba tutofautishe mambo mawili. Timu zinazogombea nafasi za ziada zikitoka makundi tofauti, jirani dhaifu ni neema ya upande mmoja, na mnyimwa ana haki ya kulalamika. Lakini ndani ya kundi lenyewe, timu dhaifu ni shamba la wote, na kila mmoja huvuna kwa jembe lake. Mwaka 2021 Baltimore Orioles walipoteza mechi 110. Tampa Bay Rays walikutana nao mara 19 wakashinda 18. New York Yankees walikutana nao mara 19 vilevile wakashinda 11. Rays waliongoza kundi kwa ushindi 100, Yankees wakaishia na 92. Katika mechi nane zilizowatenganisha, saba zilipotea mbele ya mpinzani yule yule mnyonge, na ratiba haikuwa na lawama yoyote.

Mfano wa mwaka 2024 unanivutia zaidi, kwa sababu unakwenda pande mbili. Chicago White Sox walipoteza mechi 121, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na timu nyingine tangu mwaka 1900. Kansas City Royals na Minnesota Twins, majirani zao, kila mmoja aliwashinda mara 12 na kushindwa mara moja. Ukiziondoa mechi hizo, Royals wanabaki na ushindi 74 na vipigo 75, na Twins wanabaki na 70 kwa 79. Hakuna hata mmoja aliyeshinda nusu ya mechi zake zilizobaki! Royals waliingia katika mtoano wakiwa na ushindi 86; Twins, waliokula sahani ile ile, walibaki nje na 82. Kwa hiyo jirani mnyonge aliwanyanyua wote wawili kwa kipimo kimoja, na kilichowatenganisha ni jinsi kila mmoja alivyocheza kwingineko.

Mwaka 1993 mambo yalikuwa magumu zaidi. Atlanta Braves walishinda mechi zote 13 dhidi ya Colorado Rockies, timu iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza, wakamaliza na ushindi 104. San Francisco Giants, wa kundi lile lile, walimaliza na 103 na hawakupata chochote, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na nafasi za ziada. Kipigo kimoja tu mbele ya Rockies kingewafanya Braves walingane na Giants.

SWALI: Mimi ni binti wa Shela, Lamu. Babu yangu na wenzake hubishana kila Septemba, nami naandika matokeo. Katika mwezi wa mwisho nitazame nini?

JIBU: Binti yangu, tazama kwanza mikutano ya ana kwa ana iliyobaki. Mwaka 2025 Detroit Tigers waliwaacha Cleveland Guardians kwa mechi 15 na nusu mapema Julai, na hakuna aliyewafikiria Guardians tena. Ratiba, hata hivyo, ilikuwa imeziweka timu hizo zikutane mara sita katika wiki mbili za mwisho. Guardians walishinda tatu zote Detroit, kisha mbili kati ya tatu nyumbani. Walimaliza na ushindi 88, Tigers 87. Kwa wastani wa wapinzani, mechi hizo sita zisingeonekana kabisa.

Pili, ulizia wapinzani wako wamekuwaje baada ya dirisha la kubadilishana wachezaji kufungwa karibu na mwisho wa Julai. Timu iliyokata tamaa huuza warushaji wake wazuri, na ushindi ilioupata mwezi wa Mei haukuambii tena chochote kuihusu. Tatu, hesabu warushaji. Timu nyingi huwapokeza watano kwa zamu, kwa hiyo katika mechi tatu utakutana na watatu tu. Timu ya wastani inayokuletea warushaji wake watatu bora ni ngumu kuliko timu nzuri inayokuletea wa nne na wa tano.

Nyumbani na ugenini usivipe uzito mkubwa mno: mwenyeji wa besiboli hushinda takriban mechi 54 katika kila 100, si zaidi. Siku za mapumziko ni muhimu zaidi, hasa kwa timu iliyoko mbali na wenzake kama Seattle, ambayo safari zake ni ndefu kila mwezi.

Katika daftari lako, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika mechi za ana kwa ana na tarehe zake, pamoja na idadi ambayo kila mmoja ameshamshinda mwenzake, maana ndiyo itakayoamua sare. Kulia andika zilizobaki zote. Mkiketi barazani na babu yako, anzeni kusoma kushoto.