Maswali ya gereji: Tairi limegonga ukingo

Maswali sita ya leo yanafanana. Walioandika wote wamegonga ukingo wa zege wa barabara au ukuta wa mtaro, na wengi wao wamegonga kwa tairi la mbele kushoto. Sishangai. Tunapita upande wa kushoto, dereva amekaa kulia, na kona ile ya mbele kushoto ndiyo asiyoiona vizuri.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mwanga, hapa Kigoma. Wakati naegesha Toyota IST yangu nilipanda ukingo kwa tairi la mbele kushoto. Tairi halikupasuka, lakini sasa gari likienda moja kwa moja usukani umelala kulia kidogo. Fundi wangu anasema nikafanye alaimenti tu, yataisha. Nimwamini?

Marahaba mwalimu. Mwamini nusu. Alaimenti, yaani kupanga matairi yatazame sawa, utaifanya, ila iwe kazi ya mwisho, siyo ya kwanza.

Usukani umelala kwa sababu tairi moja limegeuza pua. Matairi ya mbele yameungwa na usukani kwa tairodi, moja kila upande. Ya kushoto ikipinda huwa fupi, tairi la kushoto linatazama nje, na gari linataka kwenda kushoto. Wewe bila kujua unakata kulia kidogo ili liende sawa. Mwenye mashine ya alaimenti anaweza kuirefusha hiyo tairodi kwa kuzungusha nyuzi zake. Usukani utanyooka, utalipa, utaondoka umefurahi. Chuma kitabaki kimepinda vilevile. Tairodi iliyopinda hainyooshwi, inabadilishwa, kwa sababu ikikatika ukiwa kwenye mwendo tairi linajiendea linakotaka na usukani unabaki mkononi hauna kazi.

Kwa hiyo mwambie fundi akague mbele yako. Gari likae mahali tambarare (siyo kwenye ule mteremko wa kushuka stesheni), handibreki juu, jiwe kwenye matairi ya nyuma. Gari likiwa bado chini na matairi ya mbele yamenyooka, pitisheni vidole kati ya tairi na madigadi, mbele na nyuma ya tairi, mlinganishe kushoto na kulia. Tairi la kushoto likiwa limerudi nyuma hata sentimita moja, amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini) au bushi zake (mipira ya maungio) zimeathirika. Kisha simamisheni ubao ulionyooka kwenye ubavu wa rimu, kutoka chini kwenda juu, pande zote mbili. Tairi moja likilala kuliko mwenzake, shokapu imepinda, au kile chuma kinachobeba habu (kitovu ambapo tairi linafungwa).

Sasa pigeni jeki. Shika tairi ubavu huu na ubavu huu ulitikise: likicheza, mtuhumiwa wa kwanza ni tairodi. Shika juu na chini: likicheza, ni boljointi (kiungo cha mwisho wa amu) au beringi. Halafu fundi aingie chini atazame tairodi zote mbili. Ya kulia haikugonga kitu, basi hiyo ndiyo kipimo chake.

Ukifika kwenye mashine, dai karatasi ya vipimo. Kwenye IST na ndugu zake, kinachorekebishwa mbele ni pua za matairi tu, kuingia ndani au kutoka nje. Kulala kwa tairi kiwanda hakikuweka mahali pa kurekebisha. Karatasi ikionyesha la kushoto limelala tofauti kabisa na la kulia, mashine haijatengeneza kitu, imekuambia tu kwamba kuna chuma kimepinda. Rudi gereji, na safari hii usikubali neno "tu".

Fundi, mimi naendesha mchomoko (gari dogo la abiria), Kigoma–Kasulu. Tairi limetoa nundu ubavuni, kama nusu limau. Meno yake bado mazuri kabisa. Nikilihamishia nyuma siwezi kumaliza nalo mwezi?

Hapana, kaka. Hata safari ya kesho usiende nalo.

Tairi lilibanwa kati ya rimu na zege, nyuzi za ndani zikakatika. Nundu unayoiona ni upepo unaosukuma mpira usio na kitu cha kuushika. Halizibwi kiraka wala halichomwi. Meno hayahusiki hapa. Meno yanashika barabara, nyuzi ndizo zinazobeba gari na abiria wako. Ukilipeleka nyuma umechagua tu mahali litakapopasukia, na tairi la nyuma likipasuka kwenye mwendo gari hupiga mkia ambao ni vigumu kuutuliza kwa usukani. Wapo wanaopunguza upepo ili nundu inywee. Wanaongeza joto ndani ya tairi ambalo tayari limeumia, basi.

Ukinunua la mtumba, soma tarakimu nne zinazomalizia mstari unaoanza na DOT. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lipindue pia uangalie ubavu wa pili, maana huenda nalo lilishagonga ukingo wa mtu mwingine huko lilikotoka.

Habari. Raum yangu ina rimu za spoti. Tangu nigonge, mjini haina shida. Nikitoka nje ya mji nikafika 80, inatetemeka. Nikizidi 100 inatulia kidogo. Kuna kijana anasema ataipasha rimu moto ainyooshe kwa nyundo.

Kwanza tujue tairi gani. Mtetemo ukiwa mikononi, kwenye usukani, tafuta mbele. Ukiwa kwenye kiti, tafuta nyuma. Kama huna uhakika, badilishana la mbele kushoto na la nyuma kushoto, uende barabara ileile mwendo uleule. Mtetemo ukihama, umempata.

Linaweza kuwa jambo dogo: vipande vya risasi vya balansi (vya kusawazisha uzito wa tairi) vilivyobandikwa kwenye rimu viling'oka wakati wa kugonga. Balansi mpya inamaliza. Lakini kabla ya kulipia balansi, liinue tairi ulizungushe taratibu huku umeshikilia kipande cha mti karibu na mdomo wa rimu, mti ukiwa umetulia. Mdomo ukisogea na kurudi, rimu imepinda, na hakuna risasi itakayoificha kwa muda mrefu. Usikague mdomo wa nje peke yake. Wa ndani ndio unaopinda kimyakimya. Paka maji ya sabuni kuzunguka mdomo pia. Mapovu yakitoka, hapo ndipo upepo unapopotelea na ndiyo sababu unajaza kila baada ya siku chache.

Kuhusu huyo kijana: rimu ya chuma iliyopinda kidogo mdomoni inaweza kugongwa ikarudi, gari likaendelea. Rimu ya spoti ni aluminiamu, na nguvu yake inatokana na jinsi ilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Ukiipasha tena kwa mtungi wa gesi bila kipimo unaiondolea nguvu hiyo, na nyundo inaacha nyufa usizoziona. Ikiwa na ufa tayari, usikubali ichomelewe. Tafuta nyingine, hata ya mtumba, yenye matundu na upana uleule.

Na wanaopenda matairi ya ubavu mfupi ya kupendeza wasikie hili. Tairi la 185/65R15 lina ubavu wa kama sentimita 12 wa kupokea kishindo. La 195/45R16 halifikishi 9. Ukingo uleule, mwendo uleule, huyu anatikisika tu, yule ananunua rimu.

Angalia na upepo. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko. Kikisema 220, hizo ni kPa, yaani psi 32. Tairi lenye upepo mdogo linapogonga hubonyea mpaka rimu yenyewe inalamba zege.

Kuna mlio wa "vuuu" unaoongezeka na mwendo. Umeanza wiki kadhaa baada ya kugonga, kwa hiyo nadhani hauhusiani. – Msomaji wa Gungu

Unahusiana. Kishindo huacha alama ndogo kwenye njia ya gololi za beringi, na alama hiyo hukua taratibu. Kwenye barabara tupu yumbisha gari kidogo: ukikata kulia uzito unalalia kushoto, na mlio ukipanda, beringi ya kushoto ndiyo yenye kesi. Tairi lililolika vibaya nalo huimba hivyohivyo, kwa hiyo hamisha matairi kabla ya kununua beringi.

Mimi niligonga kwa tairi la nyuma, Vitz. Jirani yangu hapa Ujiji anasema gari linakwenda ubavu. Inawezekana?

Inawezekana sana. Vitz, kama IST, nyuma ina boriti moja inayounganisha matairi mawili, na haina mahali pa kurekebisha. Ikipinda, au chuma cha habu kilichofungwa kwayo kikipinda, tairi la nyuma linasukuma kwenda upande na wewe unakata usukani kila wakati kulipinga. Watu hubadilisha tairodi mbili za mbele wakishangaa kwa nini usukani bado umelala.

Pima kwa tepu kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya la nyuma, upande wa kushoto na wa kulia, matairi yakiwa yamenyooka. Au mwaga maji kwenye lami tambarare, pita taratibu moja kwa moja, ushuke uangalie nyayo: za nyuma zinatakiwa zifuate za mbele kwa usawa pande zote mbili. Boriti ikithibitika imepinda, tafuta ya mtumba kutoka gari la aina hiyohiyo. Kuivuta kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti nimeona kukifanyika, na siishauri.

Fundi wangu anataka anunue vya kushoto na vya kulia vyote: shokapu, amu, tairodi. Nimegonga upande mmoja. Ananiibia?

Siyo lazima awe anakuibia. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kwa sababu mpya na iliyochoka hazibebi sawa na gari litayumba ukifunga breki kwa nguvu. Hapo ana haki. Amu na tairodi badilisha iliyoharibika peke yake, ukimaliza ufanye alaimenti. Na vile vya zamani aviache kwenye buti ya gari lako, uvione vimepinda wapi.