Flatlandi: usiache upande wa pili ubaki nyuma

Nyinyi mnaoanza flatlandi, yaani kucheza staili kwa baiskeli ya BMX kwenye uwanja tambarare, nina ushauri ambao wengi huukumbuka wakiwa wamechelewa: anza kuzoeza upande wa pili mara tu staili yako ya kwanza inapokaa sawa. Usingoje uwe nazo ishirini. Kadiri upande uliouzoea unavyotangulia, ndivyo inavyokuwa vigumu kukubali kuanza upya kwa mguu mwingine. Aliyekwisha kuteleza uwanja mzima kwa hengifaivu, staili ya gurudumu la mbele peke yake, hana uvumilivu wa kuyumbayumba kwa kusimama tu juu ya pegi ya mbele, kile kichuma cha kukanyagia kinachotokeza kwenye ekseli ya gurudumu. Anajaribu kidogo, anaudhika, anaacha. Mwanzoni pengo ni dogo, kwa sababu miguu yote miwili bado ni migeni.

Kwanza ujue upande wako ni upi, na hapa pana mambo. Baiskeli ikijiendea bila kupigwa pedali, mguu gani unakaa mbele? Ukiambiwa uzunguke duara bila kufikiri, unakata kushoto au kulia? Ukitaka kupanda pegi, mguu gani unatangulia? Majibu hayo matatu si lazima yafuatane. Yupo anayepanda pegi kwa mguu wa kulia na kuzunguka kushoto, na yupo ambaye vyote ni kulia. Kwa hiyo badilisha kimoja kimoja: baki na mguu wako ule ule, geuza duara, likishatulia, ndipo ubadili mguu. Anayegeuza vyote kwa pamoja anajifunza mambo matatu huku akidhani ni moja, halafu anajiona hana kipaji.

Duara lina uzito huu kwa sababu ya namna mchezo wenyewe ulivyokua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 staili nyingi zilifanyika baiskeli ikiwa imesimama au inarukaruka mahali pamoja. Mwishoni mwa muongo huo Kevin Jones wa York, Pennsylvania, na wenzake wa kundi la Plywood Hoods waliusukuma kwenye staili za kuteleza, na tangu hapo kazi kubwa ni kuunganisha: unatoka staili moja na kuingia nyingine bila kugusa chini. Kila staili inakutoa ukielekea upande fulani. Mwenye upande mmoja, baiskeli ikimvuta kusikotarajiwa, hushuka. Mwenye pande zote mbili anaendelea.

Kabla ya kulaumu mguu, kagua baiskeli. Baiskeli ya flatlandi huwa na pegi nne, lakini zile unazozikanyaga kila siku zimeshalika meno na zinateleza kidogo, na mwili wako umezoea hivyo. Za upande wa pili bado zinakwaruza na kushika soli. Zibadilishane nafasi. Angalia pia kama usukani umenyooka sawasawa na gurudumu la mbele. Ukiwa umepinda kidogo tu, upande uliouzoea umeshajifunza kusahihisha kosa hilo, na wa pili hautajua unavutwa na nini.

Sasa tuchukue hengifaivu yenyewe: umesimama kwa mguu mmoja juu ya pegi ya mbele, gurudumu la nyuma liko hewani, mguu mwingine unaning'inia. Upande wa pili, kinachogoma mara nyingi si mguu uliosimama. Ni ule unaoning'inia. Huo ndio mizani yako. Unaupeleka mbele na nyuma kurekebisha uzito. Mgeni huukaza na kuubana karibu na fremu kwa hofu, nyonga inafungika, na baiskeli inamwangusha. Rudi nyuma hatua moja. Magurudumu yote mawili yakiwa chini, mwendo kama wa mtu anayekimbia taratibu, simama kwenye pegi na uuzungushe mguu ulio huru mpaka ulegee. Usifikirie kuinua gurudumu la nyuma mpaka mguu huo uwe unacheza wenyewe.

Jifunze kushuka kabla ya kupanda. Upande uliouzoea, mguu wa kukuokoa unajua pa kutua bila kuuliza. Upande wa pili haujui, na hapo ndipo watu wanapoumia. Fanya kazi ya kushuka tu: panda pegi, sukuma baiskeli mbali nawe, tua kwa miguu miwili, rudia. Na vaa kinga za ugoko miguu yote, kwa maana pegi itapiga ule usiozoea kupigwa.

Simu inasaidia kuliko maelezo ya mtu. Jirekodi upande unaoujua, kisha igeuze video kama inavyoonekana kwenye kioo. Programu nyingi za kuhariri zina kitufe hicho. Hapo una mwalimu mwenye mwili wako hasa, urefu wako na baiskeli yako, akifanya upande wa pili. Tazama bega na kichwa kuliko mguu.

Pasha mwili, kisha anza na upande wa pili ukiwa bado na nguvu, kwa muda mfupi, halafu urudi kwenye ule wa kawaida. Usiutelekeze huo wa kawaida. Mwaka 1894 E. W. Scripture na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliripoti kwamba kuuzoeza mkono mmoja kuliongeza nguvu na uthabiti wa mkono mwingine ambao haukuzoezwa. Miguu yako nayo inaambizana. Lakini kinachohamia ni sehemu tu ya ujuzi, kilichobaki unakitafuta kwa jasho.

Nikikuchagulia, anza na kuzunguka duara pande zote mbili, kisha kusimama kwenye pegi ya mbele, kisha hengifaivu. Stimurola, staili nyingine ya gurudumu la mbele, ya upande wa pili iache kwanza, mpaka siku utakapoingia kwenye hengifaivu bila kuutazama mguu.