Usiipige Pasi: Niliyojifunza kwa Kukusanya Mashairi ya Karatasi Moja

Karatasi yangu ya kwanza niliipata Detroit, jimbo la Michigan, Marekani, kwa dola moja, kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikwisha kufariki na watoto wake walikuwa wanauza kila kitu, kuanzia jokofu hadi vijiko. Ilikuwa imekunjwa mara mbili ndani ya boksi la magazeti yanayosubiri gari la taka. Shairi moja, upande mmoja, na chini kabisa kwa herufi ndogo, jina la mchapishaji: Broadside Press. Broadside ndilo jina la Kiingereza la karatasi kama hizi.

Nilipofika nyumbani niliifanyia mambo matatu, yote kwa mapenzi. Nikaipiga pasi ili mikunjo itoke. Nikaziba mchaniko kwa seloteipu. Halafu nikampelekea fundi wa fremu, naye akaibandika kwa gundi juu ya kadibodi, nikaja kuitundika ukutani mkabala na dirisha. Baada ya miaka minne ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na seloteipu ilikauka ikadondoka yenyewe, ikaacha mstari wa kahawia ulioingia ndani ya karatasi. Mtaalamu wa kuhifadhi nyaraka aliitazama, akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Nani aliifanya hivi?"

Basi ushauri wangu wote unatoka kwenye aibu ya siku ile.

Kwanza uelewe unashika nini. Marekani ilianza kuchapa mashairi kwenye karatasi moja moja zamani sana. Mwaka 1770 Phillis Wheatley, binti aliyetekwa Afrika Magharibi akauzwa utumwani Boston, alijulikana kwa shairi la maombolezo ya mhubiri George Whitefield lililouzwa hivyo hivyo, karatasi moja. Mwaka 1813 mchapaji Isaiah Thomas alinunua zaidi ya karatasi 300 za nyimbo na tenzi za mitaani palepale Boston, akazitoa kwa American Antiquarian Society, jumuiya aliyoianzisha mwenyewe huko Worcester. Alitaka watu wa baadaye waone wananchi wa kawaida walikuwa wanapenda nini.

Lakini zinazonikosesha usingizi ni za Detroit. Mwaka 1965 Dudley Randall, mshairi aliyekuwa akifanya kazi ya ukutubi, alitoa dola 12 kwenye mshahara wake akachapa "Ballad of Birmingham", shairi lake kuhusu bomu lililoua wasichana wanne kanisani Birmingham, Alabama, mwezi Septemba 1963. Sababu yenyewe ilikuwa ya kiofisi tu: mwimbaji mmoja alikuwa amelitia shairi muziki, na Randall alitaka kulinda hakimiliki yake. Kutokana na karatasi hiyo ikazaliwa Broadside Press, na mfululizo wa karatasi ulioleta majina kama Robert Hayden, Margaret Walker na Gwendolyn Brooks kwa bei ambayo hata mwanafunzi angeimudu. Miongoni mwa waliochapwa na Randall alikuwemo kijana Don L. Lee, ambaye baadaye, mwaka 1974, alijiita Haki Madhubuti. Nilipomsomea mama jina hilo kwenye simu, akauliza, "Huyo ni wa Tanga au Pangani?"

Mama huyohuyo, nilipomwambia nimelipa dola 40 kwa karatasi nyingine, alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, si bora ungenunua kanga? Nayo ina maneno, na unajifunga."

Ana hoja. Kanga imetengenezwa idumu. Karatasi hizi hazikukusudiwa kudumu, na hapo ndipo penye kazi. Mwaka 1967 kundi la Communication Company, mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, lilichapa karatasi kwa mashine ya stensili, kama ile iliyochapa mitihani yetu shuleni, na kugawa bure barabarani, yakiwemo mashairi ya Richard Brautigan. Karatasi ya bei rahisi ya namna hiyo hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na asidi iliyomo ndani yake huila polepole. Huwezi kuizuia kabisa. Unachoweza ni kutoiongezea maadui.

Adui wa kwanza ni mwanga. Karatasi iliyofifia haiponi ukiirudisha gizani, kila saa ya jua inajumlishwa. Mimi sasa natundika nakala niliyoipiga skana, ile halisi inalala sandukuni. Ukiona lazima utundike yenyewe, itafutie kioo kinachochuja miale ya urujuanimno, kadibodi ya pamba isiyo na asidi, na karatasi ishikwe kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani vilivyopakwa uji wa wanga wa ngano, ambao hutoka kwa maji kidogo siku ukihitaji kuibandua. Kioo kisiiguse. Fundi akikwambia gundi yake "haina shida", chukua karatasi yako uondoke.

Kuhifadhi: ilaze bapa, ndani ya folda isiyo na asidi, ndani ya boksi. Plastiki iwe ya poliesta safi. Ile laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni ni sumu. Usiipeleke kulaminetiwa hata kwa bure. Na hili nililijifunza kwa kuchelewa: karatasi kuukuu yenye asidi ukiifungia ndani ya plastiki pande zote inaweza kuchakaa haraka zaidi, kwa hiyo weka nyuma yake karatasi yenye kalisi kaboneti, aina ya chokaa inayopunguza makali ya asidi. Yenye mchoro wa mkaa au chaki usiitie kwenye plastiki kabisa, umeme tuli utainyofoa rangi. Boksi nimeliweka chini ya kitanda. Darini kunachoma wakati wa kiangazi, na chini ya nyumba, hapa Michigan, kuna unyevu na siku moja maji yataingia tu. Pale unapolala vizuri wewe, karatasi nayo inalala vizuri.

Glovu za pamba achana nazo, vidole havihisi kitu na kingo zinachanika. Nawa mikono, ukaushe. Kalamu ya wino isifike mezani, andika kwa penseli, tena juu ya folda: uliipata wapi, lini, kwa nani.

Kununua, anza na washairi walio hai. Vyuo vingi vina mashine za kale za herufi za madini ya risasi, zinazopakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi, na mshairi akialikwa kusoma huchapwa karatasi 50 au 100 zenye saini na namba ya kila nakala. Usidanganywe kuwa namba 1 ni bora kuliko namba 90. Kwa za zamani, zima taa ya juu uilaze tochi pembeni: herufi za risasi mara nyingi huacha vibonyeo. Wino wa fotokopi hukaa juu kama ganda linalong'aa. Ila ubapa peke yake si ushahidi wa ughushi, maana za stensili nazo ni bapa. Na mwambie muuzaji aitume katikati ya mbao mbili nyembamba, asiikunje.

Ile ya kwanza bado ninayo, na mstari wake wa kahawia. Siwauzii watu wala siionei haya tena. Mwaka jana dada yangu alikuja kunisaidia kuhama, akakuta boksi chini ya kitanda, akalibeba moja kwa moja hadi kwenye mapipa ya nje. Nililikuta juu ya maganda ya ndizi, limefungwa bado. Sasa nimeandika juu ya kifuniko, kwa penseli nene, Kiswahili na Kiingereza: SI TAKATAKA. FUNGUA KWANZA.