Kama yote ni kadari, aulizwe nani?

Ndugu yangu, umeuliza: ikiwa Mungu ni mwema, muweza wa yote, na kila jambo limeshaandikwa, mbona maovu yapo, na mja ana kosa gani? Nakujibu kama mtu wa Likoni niliyeuona msiba wa Mtongwe.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ilipinduka ikitoka Mtongwe kuja kisiwani Mombasa. Walikufa zaidi ya watu 250. Mtaani kwetu matanga yalipangana nyumba kwa nyumba. Mikeka nje, kahawa inazunguka, na kila ajaye kuhani anasema kazi ya Mungu haina makosa. Jirani yetu, mama aliyefiwa na mwanawe, aliitikia wote. Mwisho akamwambia mzee mmoja: "Mungu simlaumu, ami. Lakini waliopakia watu kupita kiasi ni binadamu." Mzee hakumbishia.

Nimesoma baadaye, wala sijaona aliyelipanga swali hili vizuri kumshinda mama yule. Muutazila, kundi la kale la wanazuoni wa Kiislamu, walisema mja huumba matendo yake mwenyewe, maana Mungu mwadilifu hamuadhibu mtu kwa asilolitenda. Maashari, kundi jingine la wanazuoni, ambao mafundisho yao ndiyo tuliyosomeshwa huku pwani, wakasema Mungu ndiye muumba wa kila tendo, na mja hulichuma, yaani hulifanya lake, kwa kulikusudia. Wamebishana karne na karne, lakini wote wawili wanasema mja ataulizwa. Ni Jabria tu, waliosema mtu hana hiari yoyote, waliomfanya mtu kuwa unyoya kwenye upepo, na wote wawili waliwapinga. Sayyidna Umar, khalifa wa pili, aliporudi njiani kwa ajili ya tauni ya Shamu (Syria) aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu: ndiyo, kwenda kwenye kadari ya Mungu. Basi hata kuizuia feri iliyojaa ingekuwa kadari.

Wapo wanaodai hiari ya mja inamaliza swali lote la maovu. Haimalizi! Mtoto mchanga akifa kwa malaria, nani ametumia hiari yake vibaya? Mtakatifu Augustino, mwanazuoni wa Kikristo, aliyafunga mateso na dhambi ya Adamu; kwa mtoto huyo, hoja hiyo mimi hainitoshi. Ukiniambia ni mtihani kwa wazazi, nitakuuliza: na mtoto mwenyewe je? Naamini Akhera atafidiwa, naamini kwa moyo wote, ila hilo simwambii mamake jeneza likiwa bado ndani. Namwambia Mungu akupe subira, nakaa naye.

Nawe swali lako limetoka darasani, au umefiwa? Nijibu, maana kama ni msiba kuna mengi hapa ningeyaacha kwanza.