Mbwa wetu alikufa kwa mazuku, nami nikamnyima mdogo wangu salamu karibu miaka miwili

Wiki iliyopita binti mmoja wa Kadutu, Bukavu, aliniandikia usiku wa manane. Dada yake alitega dawa ya panya jikoni. Paka wao akamla panya aliyekwisha kuionja ile dawa, na kesho yake akafa akitetemeka chini ya kitanda. Tangu siku hiyo hawasemezani. Wanalala kitanda kimoja, mmoja kageukia ukuta, mwingine kageukia mlango. Aliniita Yaya, yaani dada mkubwa, akaniuliza: "Yaya, nimsamehe vipi mtu ambaye hata hajaomba msamaha? Na kila ninayemweleza ananiambia ni paka tu."

Ujumbe ule uliniamsha kabisa. Niliketi kitandani mpaka alfajiri, kwa sababu mimi pia niliambiwa hivyo hivyo: ni mbwa tu.

Kwetu ni Mugunga, mashariki mwa Kongo, mwisho wa mji wa Goma ukiwa unaelekea Sake. Baba alimleta Komando mwaka 2011, mdogo sana, ndani ya katoni ya sabuni, zawadi ya dereva mmoja wa lori la Butembo. Alikuwa na rangi ya udongo, sikio la kushoto limechanika. Waasi wa M23 walipouteka mji Novemba 2012, tulilala sakafuni usiku baada ya usiku, naye akalala amekingama mlangoni. Hakubweka hata mara moja. Yule ambaye siku nyingine alimbwekea hata mtoto wa jirani mwenye kidumu cha maji, siku zile alinyamaza kama anayejua saa za kunyamaza. Atakayeniambia ni mbwa tu, hakulala nasi sakafuni.

Mwaka 2019 mimi nilikuwa nimeshaolewa, ninakaa Majengo, ninauza vitenge soko la Virunga. Komando akaanza kufukuza kuku wa jirani. Jirani akaja kwa Baba mara ya kwanza, mara ya pili. Mama akanipigia, nami nikampigia mdogo wangu, nikamwambia amfunge huyo mbwa usiku kabla hajatuletea kesi. Akamfunga. Akamfunga nyuma ya choo, upande wa chini wa uwanja wetu, penye bonde dogo la mawe meusi, kwa kuwa ndipo penye mti.

Kwa ninyi msiokaa kwetu, mazuku ni hewa ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi, na pua haitakuonya. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia mabondeni kama maji, hasa usiku na alfajiri upepo unapokuwa umelala. Jua likipanda na upepo ukivuma, inatawanyika. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kupita wima asijue lolote, na mbuzi au mtoto aliyechuchumaa palepale akaanguka.

Nilifika asubuhi kwa pikipiki. Komando alilala ubavu, hana jeraha, macho wazi. Kamba ilikuwa imenyooka kuelekea juu, upande wa nyumba, na katika vumbi jeusi palikuwa na mikwaruzo ya kucha zake. Alikuwa amevuta mpaka mwisho. Hatua nne juu zaidi angekuwa hai. Nilizihesabu kwa miguu yangu.

Nikamgeukia mdogo wangu mbele ya majirani wote. Nikamwambia: umemuua. Umezaliwa hapa, umekulia hapa, hujui mazuku? Alikuwa na miaka 19. Alinitazama, akasema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu alisikia: "Unampenda mbwa kuliko mimi." Nikapanda pikipiki, nikarudi sokoni. Baadaye nilisikia kwamba alichimba kaburi peke yake, kwa mtaimbo, kutoka saa tatu mpaka alasiri. Anayejua mawe yetu anajua hiyo ni kazi gani. Mama aliniambia viganja vyake vilitoka damu. Sikwenda kumwona.

Ya miezi iliyofuata hayana urefu. Nilikwenda kwa wazazi siku ambazo yeye hayupo. Nilipombatiza mwanangu wa pili, hakuja. Shangazi akajaribu kutupatanisha, Mama akamwambia aache: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Kwa hiyo akalima, akasubiri.

Kisha Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ikalipuka, Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Lava ilikuja mpaka Buhene, karibu na uwanja wa ndege, ikasimama. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku. Alhamisi tarehe 27 ilitoka amri tuhame haraka, kwa hofu kwamba moto ungeweza kutokea chini ya mji wenyewe. Nilitoka Majengo na watoto wawili, mmoja mgongoni, godoro kichwani, katika mto wa watu uliokuwa unakwenda Sake. Miguu ilinifikisha kwenye lango la Baba jioni. Aliyefungua ni mdogo wangu.

Hakusema kitu. Alipokea godoro. Nilipotaka kulitandika sakafuni, akanishika mkono: "Yaya, batoto basilale chini." Akaunganisha meza mbili, akaweka godoro juu yake.

Usiku niliamshwa na tetemeko. Nikachungulia dirishani. Mdogo wangu alikuwa nje. Alikuwa amefunga mshumaa kwenye ncha ya fimbo, ndani ya kopo lililokatwa upande mmoja, akiuburuta mwanga ule karibu kabisa na ardhi, hatua kwa hatua, akitazama kama moto utafifia. Alizunguka nyumba yote hivyo. Alipofika upande wa choo akasimama mbali, akanyoosha fimbo. Moto ulizimika. Akarudi juu, akawasha, akaanza tena. Mama alinieleza asubuhi kwamba hufanya hivyo kila usiku usio na upepo, tangu Komando afe.

Nikatoka nikamwita. Nilikuwa nimejiandaa kusema nimemsamehe. Yeye akanitangulia: "Njo wewe uliniambia nimufunge. Nilikuuliza, nimufunge wapi? Ukakata simu."

Nilikumbuka. Nilikuwa na mteja mkononi, mama wa vitenge sita. Nilikata.

Ndugu zangu, sikilizeni. Wewe unayesoma hapa unataka ninachotaka mimi: wazazi wazeeke wakituona mezani pamoja, watoto wetu wajue wajomba zao. Basi muulize ndugu yako. Usimuulize kwa nini alifanya, maana hilo ni swali la hakimu. Muulize siku ile ilikuwaje kwake, alikuwa wapi, nani alimtuma. Muulize kabla siku hazijawa nyingi, na muulize mwenyewe, usimtume Mama. Mimi nilitembea miezi 22 na msamaha mfukoni kama tajiri mwenye sadaka, kumbe mdaiwa ni mimi. Usijivunie msamaha ambao hujaukagua. Uliza kwanza.

Na lia. Mfunike mnyama wako kwa heshima, kaa kimya siku moja, usiaibike. Uchungu ambao hauruhusiwi kuwa wa paka utatafuta mtu wa kumwangukia, na mtu wa karibu ni yule mnayelala naye kitanda kimoja.

Binti wa Kadutu, nakuuliza wewe: dada yako alitega ile dawa kwa nini? Nani alilalamika kwamba panya wanakula unga? Alipoitega, wewe ulimwona?

Sisi tumepatana, lakini sitakuficha. Lile neno lake, kwamba nampenda mbwa kuliko yeye, bado linanichoma nikilikumbuka, na langu bado linamchoma. Nimemwomba radhi mara mbili. Ya pili alicheka kidogo, akanimiminia chai.

Mwaka jana alileta mbwa mwingine, jike, mweusi. Usiku hafungwi. Jirani akija kulalamika, tunalipa kuku, nusu yeye, nusu mimi.