Kibali cha utafiti si ridhaa ya wenyeji: kwa anayetaka PhD kuhusu malisho ya Kimaasai

Mkuu, umeuliza ukiwa Moshi uanzie wapi PhD ya maarifa ya malisho wilayani Longido. Anza na makaratasi, ila usiyape uzito yasioustahili. Watafiti wa vyuo vya nje hupitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Wa vyuo vya hapa mara nyingi hupewa barua na chuo. Kisha ofisi ya mkoa Arusha, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Beba nakala za kutosha.

Kazi yenyewe inaanzia kwa laigwanani, kiongozi wa kimila wa Kimaasai. Mtendaji anaweza kukugongea muhuri asubuhi, na jioni hakuna boma linalokupa zaidi ya salamu. Omba jambo lako lizungumzwe kwenye kikao cha wazee, nawe uwepo kuulizwa: nani anakulipa, sauti zetu zitakaa wapi, tutapata nini.

Fomu ya ridhaa ndipo wengi wanapokwama. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walisaini makubaliano ya kuhama Serengeti Magharibi. Ukimletea mzee karatasi yenye nafasi ya saini, anawaza ardhi, na ana haki. Andika mapema kwenye pendekezo lako kwamba ridhaa itakuwa ya mdomo, irekodiwe mbele ya shahidi. Kamati ya maadili iipitishe kabla hujaenda.

Usimhoji mtu kivulini kuhusu alalili, yale malisho yanayotengwa kwa ndama na mifugo dhaifu. Tembea humo malishoni, uonyeshwe mpaka unapita wapi, nyasi gani zinasubiriwa, na nani huamua yafunguliwe. Nenda masika na urudi kiangazi, maana kiangazi kikiwa kikali vijana wanahama na ng'ombe, ukabaki na majibu ya nusu ya boma.

Mkalimani achaguliwe kwa makini. Kijana hawezi kumbana mzee kwa maswali, na mwanamume hatapata kwa akina mama habari za ndama na maziwa, ambazo ndizo nusu ya utafiti wako. Tafuta wawili, mama na mwanamume mtu mzima, kisha mtu wa tatu asikilize baadhi ya sauti na kuzitafsiri upya. Utashangaa jibu la dakika tatu lilivyofupishwa kuwa "amekubali".

Wasan, wenyeji wa asili wa Afrika Kusini, walitoa kanuni zao za maadili kwa watafiti mwaka 2017, zisome. Kwa habari za dawa za miti, uliza kabla ya kuandika kipi kisichapishwe. Nakala za sauti zirudi kijijini kwenye memori kadi, maana simu wanazo, na tasnifu ya kurasa 300 hakuna atakayeifungua.