Dozi ya kuanzia, dozi ya kuendeleza, na muda wa kusubiri

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma famasia mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba dawa ikitolewa kwa vipindi vinavyolingana hufikia kiwango tulivu, yaani kinachoingia kinalingana na kinachotoka, baada ya nusu-maisha 4 hadi 5 (nusu-maisha ni muda wa nusu ya dawa kutoka mwilini). Nilidhani nikitoa dozi kubwa zaidi nitafika mapema, lakini jibu langu lilikosolewa. Na mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika, nimpunguzie dozi ipi: ya kuanzia (ile ya kwanza ya kufikisha kiwango haraka) au ya kuendeleza (zinazofuata za kukidumisha)?

Jibu: Marahaba. Maswali yako mawili yana mzizi mmoja, kwa hiyo chukua kalamu tuanze na hesabu ndogo.

Chukua dawa ambayo nusu yake hutoka mwilini kila baada ya saa 8, nawe unatoa miligramu 100 kwenye mshipa kila saa 8. Dozi ya kwanza ikiingia, mwilini mna 100. Saa 8 zikipita zimebaki 50. Unaongeza 100, zinakuwa 150. Kipindi kinachofuata zinabaki 75, ukiongeza zinafika 175. Kisha 187.5, kisha 193.75. Unaona nyongeza inavyozidi kupungua? Inakaribia 200 na hapo inatulia, kwa sababu kinachotoka kati ya dozi mbili sasa ni 100, sawasawa na unachoingiza. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kinavuja, na kadiri kinavyojaa ndivyo kinavyovuja zaidi.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa miligramu 200. Utapata 200, 300, 350, 375, ukielekea 400. Kila namba imeongezeka maradufu, ila idadi ya hatua ni ileile. Muda wa kufika unaamuliwa na nusu-maisha peke yake: baada ya nusu-maisha 1 uko asilimia 50 ya safari, 2 asilimia 75, 3 asilimia 87.5, 4 karibu 94, na 5 karibu 97. Dozi inaamua utatulia kwenye kiwango gani. Ndiyo maana jibu lako lilikosolewa, na waliokosoa walikuwa sahihi.

Tuingie kwenye vitu viwili vinavyozaa hiyo nusu-maisha, maana wanafunzi wengi huikariri kana kwamba imesimama yenyewe. Cha kwanza ni ujazo wa mtawanyiko, yaani lita ambazo dawa ingehitaji kama ingeenea mwili mzima kwa kiwango kilekile kilichomo kwenye plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Si lita za kweli. Klorokwini ina ujazo unaozidi lita 100 kwa kila kilo ya mgonjwa, na hakuna mwili wenye nafasi hiyo. Maana yake ni kwamba dawa imejificha kwenye tishu, na kwenye plazma imebaki kidogo sana. Cha pili ni usafishaji: lita ngapi za plazma zinaondolewa dawa kwa saa, kupitia figo, ini au vyote viwili. Nusu-maisha ni 0.693 mara ujazo, gawanya kwa usafishaji.

Shika hili kwa mikono miwili: ujazo ndio unaokupa dozi ya kuanzia, usafishaji ndio unaokupa dozi ya kuendeleza.

Tuifanyie kazi theofilini, dawa ya kupanua njia za hewa, kwa mtu mzima wa kilo 70. Ujazo wake ni kama lita 0.5 kwa kilo, hivyo lita 35. Usafishaji ni kama lita 0.04 kwa saa kwa kilo, hivyo lita 2.8 kwa saa. Tunataka miligramu 10 kwa lita. Dozi ya kuanzia: 35 mara 10, miligramu 350. Ya kuendeleza: 2.8 mara 10, miligramu 28 kwa saa. Nusu-maisha: 0.693 mara 35 gawanya kwa 2.8, karibu saa 8.7. Ukianza na dripu ya miligramu 28 kwa saa bila dozi ya kuanzia, utakaa zaidi ya siku nzima na nusu kabla ya kufikia kiwango tulivu, na mgonjwa anayehangaika kupumua hana muda huo.

Hapa makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni chumvi ya dawa, yaani dawa ikiwa imeunganishwa na kitu kingine. Dawa ya mshipani mara nyingi ni aminofilini, na katika uzito wake theofilini ni kama asilimia 80 tu. Kwa hiyo 350 unaigawa kwa 0.8, unapata karibu 438 za aminofilini. La pili ni kutouliza mgonjwa kama tayari anameza theofilini. Ukimpa dozi nzima ya kuanzia juu ya aliyonayo, utamletea kutapika, moyo kwenda mbio, hata degedege. Na dozi yenyewe hupitishwa taratibu, dakika 20 hadi 30. Namba hizi ni za kujifunzia hesabu. Wodini unafuata mwongozo wa tiba na kipimo cha damu.

Sasa figo. Zikidhoofika, kinachoshuka ni usafishaji. Ujazo kwa kawaida haubadiliki sana. Kwa hiyo gentamisini, dawa ya kuua bakteria ambayo hutoka karibu yote kwa figo, dozi ya kwanza huachwa kama ilivyo. Zinazofuata ndizo hupunguzwa au hutenganishwa kwa saa nyingi zaidi. Anayepunguza dozi ya kwanza anamwacha mgonjwa mwenye maambukizi makali na dawa isiyotosha, tena siku ile anayoihitaji kuliko zote.

Digoksini, dawa ya moyo, inataka uangalifu zaidi. Figo zikiwa nzima, nusu-maisha yake ni saa 36 hadi 48, hivyo hutulia baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Figo zikifeli kabisa hufika siku 4 hadi 5, na kutulia kunakwenda karibu wiki 3. Ukipima siku ya nne, ukaona kiwango kiko chini, ukaongeza dozi, umeongeza juu ya kitu ambacho bado kinapanda. Sumu itakuja baadaye, wakati wewe ulishaandika kwamba hali ni nzuri. Tena katika figo zilizofeli ujazo wa digoksini nao hupungua, kwa hiyo hii ni dawa ambayo hata dozi ya kuanzia hupunguzwa. Damu ya kipimo ichukuliwe angalau saa 6 baada ya dozi. Kabla ya hapo dawa haijamaliza kuingia kwenye tishu, na namba utakayosoma ni ya juu bila kuwa ya kweli.

Mwisho, ujue mahali ambapo hesabu hizi zote zinavunjika. Zinategemea kwamba kadiri dawa inavyozidi, mwili nao huzidisha kuitoa. Fenitoini, dawa ya kifafa, haitii sharti hilo, kwa sababu vimeng'enya vya ini vinavyoivunja hujaa katika viwango vilevile tunavyotibia. Tuseme ini la mgonjwa huyu haliwezi kuvunja zaidi ya miligramu 400 kwa siku, na linafikia nusu ya uwezo huo kwenye kiwango cha miligramu 4 kwa lita. Kiwango tulivu ni 4 mara dozi, gawanya kwa (400 kutoa dozi). Kwa 300 kwa siku unapata 12, ndani ya kiwango cha tiba cha 10 hadi 20. Pandisha hadi 350 tu: unapata 28, na mgonjwa anaanza kuyumba akitembea, macho yakichezacheza. Nyongeza ya 50 imezidisha kiwango zaidi ya maradufu. Kwa fenitoini, basi, usitumie ile kanuni ya nusu-maisha 4 hadi 5: nusu-maisha yake yenyewe hurefuka kadiri kiwango kinavyopanda. Karibu na kiwango cha tiba ongeza kidogo tu, kama miligramu 25, kisha subiri wiki kadhaa ndipo upime tena.